Mapigo Kwanza, Maneno Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Kikundi cha Muziki kwa Wanajeshi Wastaafu

Kikundi changu cha kwanza nilikivuruga ndani ya dakika kumi. Nilikuwa nimeazima ngoma sita, nikazipanga katikati ya ukumbi wa bati, nikamwambia kijana mmoja afungue kikao kwa ngurumo moja kali, kama tunavyofanya harusini. Ngoma ilipolia, mzee aliyekaa karibu na dirisha aliinama hadi magotini, mikono kichwani. Mwingine aliinuka, akatoka nje, akaenda moja kwa moja stendi na wiki ile hakurudi. Hakuna aliyenilaumu. Walikwisha kuzoea kwamba raia hawaelewi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kila ninachojifunza, na mwongozo huu ni daftari hilo lililosafishwa. Nimeuandika kwa ajili ya muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, mwalimu wa kwaya, mpiga gitaa wa mtaani, au mstaafu mwenyewe anayetaka kuwakusanya wenzake. Mifano mingi ni ya Tanzania, kwa sababu ndiko niliko, lakini aliyetoka Somalia na jeshi la Kenya hatakosa cha kuchukua.

Kabla ya yote, tuelewane kuhusu neno tiba

Tiba ya muziki ni taaluma yenye shule na vyeti vyake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hospitali za kijeshi za Marekani ziliwapokea wanamuziki wengi waliojitolea kuwapigia majeruhi. Madaktari waliona wagonjwa wakichangamka, ila waliona pia kwamba anayejua kupiga piano hajui afanye nini mgonjwa akianza kutetemeka. Ndipo chuo cha Michigan kikaanzisha shahada ya fani hii mwaka 1944, Kansas wakafuata mwaka 1946, na mwaka 1950 wataalamu wakaunda chama chao cha kitaifa.

Kwetu wenye mafunzo hayo ni wachache mno. Kwa hiyo tunachokianzisha hapa tukiite kwa jina lake: kikundi cha muziki kinachosaidia watu walio kwenye matibabu au wanaoelekea huko. Usibandike tangazo linalosema unatibu kiwewe. Usimwambie mtu aache dawa. Atakayekuuliza kama muziki unaponya, mjibu kwamba unamsaidia mtu kulala, kupumua na kukaa na wenzake, na kwamba mengine yana wenyewe hospitalini.

Ila pia usijione unaleta kitu kigeni. Ngoma ya beni, iliyoanza miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ilienea bara ikibebwa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikuwa na vyeo vyao vya kujipa, gwaride lao, na makundi yaliyoshindana, Marini na Arinoti. Tena makundi hayo yalizikana na kuchangiana. Watu waliotoka vitani waliona wenyewe kwamba wanahitaji mapigo, mavazi na mtu wa kuwazika. Baadaye jeshi la Tanzania, JWTZ, likawa na bendi ya Mwenge Jazz, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakawa na Kimulimuli, polisi na magereza nao wakawa na bendi zao. Mstaafu unayemwalika leo alikimbia mchakamchaka akiitikia chenja, zile nyimbo za kukimbilia, kabla hajashika bunduki. Kuimba pamoja anakujua kuliko wewe.

Hatua ya 1: Jua unayekutana naye

Neno la kitabibu la kiwewe cha muda mrefu, PTSD, liliingia rasmi katika orodha ya magonjwa ya akili ya madaktari wa Marekani mwaka 1980, kwa sehemu kubwa kutokana na kelele za waliorudi Vietnam. Hali yenyewe ni ya zamani kama vita. Dalili zake, zikizidi mwezi mmoja, ni hizi: jinamizi na kumbukumbu zinazokuja bila kuitwa, kukwepa watu, mahali au mazungumzo yanayogusa tukio, moyo kufa ganzi, mtu asifurahie hata mjukuu, na mwili kukaa chonjo mchana na usiku, kushtukashtuka, hasira za ghafla, usingizi wa mang'amung'amu.

Hizo utazisoma popote. Ambalo halisomwi sana ni majuto. Wapo ambao hawasumbuliwi na walichofanyiwa bali na walichofanya, au walichoshindwa kufanya: mwenzake aliyebaki nyuma, amri aliyoitii. Mtu huyo ukimwimbia wimbo wa kumsifu shujaa anausikia kama dhihaka. Kwa sababu hiyo nyimbo za ushindi naziweka kando miezi ya mwanzo, hata wakiziomba.

Umri nao una maneno yake. Aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 sasa amevuka 65; atakuja na shinikizo la damu, magoti mabovu na masikio yasiyosikia vizuri. Aliyetoka Kongo na kikosi cha Umoja wa Mataifa, ambako tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani zaidi ya 10 wa Tanzania waliuawa kambini Semuliki, huenda ana miaka 40, watoto wanasoma, na anasikiliza bongo fleva. Ukiwachanganya, usitarajie wapende wimbo mmoja. Mimi huwachanganya. Wazee huwatuliza vijana kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Hatua ya 2: Tafuta mtu wa afya kabla ya kutafuta ngoma

Usianze bila muuguzi wa afya ya akili, daktari au mshauri nasaha aliyekubali mambo mawili: kupokea simu yako siku ya kikao, na kumwona haraka mtu utakayempeleka. Akiweza kukaa kikaoni, bora zaidi, ila akae kama mshiriki, apige kayamba, asiwe na kalamu na faili mapajani.

Andika kwenye karatasi moja: jina na simu ya mtu huyo, hospitali ya karibu yenye huduma ya akili, na usafiri utakaotumika. Kwa kesi nzito Tanzania ina Mirembe, Dodoma. Kenya ina Mathari, Nairobi. Kenya vilevile kuna 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Karatasi hiyo ikae mfukoni mwako.

Wapo wa kuwaambia wasubiri kwanza: anayesikia sauti zisizokuwepo na hajaanza matibabu, anayekuja amelewa, na aliyejaribu kujiua majuma machache yaliyopita bila kuonwa na daktari. Usimfukuze mtu. Mpeleke hospitalini wewe mwenyewe, kisha mwambie kiti chake kipo.

Hatua ya 3: Ukumbi, viti na masikio

Chagua chumba chenye milango miwili au mlango mmoja ulio wazi muda wote. Viti vipangwe kwa duara pana, na kila mtu auone mlango. Wapo ambao hawatakaa na mgongo kuelekea dirisha, waachie ukuta. Kagua kelele za jirani: karakana ya kuchomelea, jenereta, jiko la gesi linalowashwa kwa mlipuko. Zuia viti vya chuma visianguke. Sakafu ya saruji na paa la bati hurudisha sauti vibaya, hivyo tandika mikeka na utundike khanga au mapazia mazito ukutani.

Kuhusu masikio sitanii. Milio ya silaha huacha wengi na uziwi wa kiasi na mlio wa sikioni usiokoma. Mlio huo huzidi usiku na ni sehemu ya kukosa usingizi. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama unapungua nusu, yaani 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Ngoma ikipigwa kwa nguvu chumbani inaivuka 100 bila shida. Pakua programu ya simu ya kupima sauti; si sahihi sana lakini inatosha. Ukikosa simu, tumia kanuni ya mkono: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele imezidi. Weka viziba masikio kwenye kisahani mlangoni na uvae vyako kwanza, asije mtu akaona aibu.

Ala hazihitaji fedha nyingi. Ngoma mbili au tatu za sauti nene, kayamba, marimba kama ipo, gitaa moja. Dumu la lita 20 linafaa lakini plastiki tupu hulia kama risasi. Funga kitambaa juu na lipigwe kwa kiganja, si kwa fimbo. Tarumbeta na matoazi yabaki nyumbani. Tarumbeta ndiyo inayolia makaburini siku ya kumzika askari, na hakuna asiyeijua.

Hatua ya 4: Mazungumzo ya mtu mmoja mmoja

Kabla ya kikao cha kwanza kaa na kila mmoja nusu saa. Chai iwepo. Muite anavyopenda kuitwa. Wengine watataka "Mzee" na jina la mtoto wake, wengine watakaa sawa ukisema "afande", na wachache hawataki kulisikia neno hilo tena. Maswali yangu ni haya, na sijawahi kuyaongeza: Ulikuwa unasikiliza nini ulipokuwa na miaka 18? Wimbo gani hutaki kuusikia? Sauti gani inakushtua? Masikio yanaendaje? Dini yako inasemaje kuhusu ala? Ukizidiwa, unapenda mtu akufanyie nini?

Hatumuulizi kuhusu vita. Akianza mwenyewe, msikilize, usichimbe.

Swali la miaka 18 lina sababu. Nyimbo tulizozisikia ujanani hushika kuliko zote, na kwa wengi ni kumbukumbu za kabla ya vita: dansi la Jumamosi, redio ya jirani, msichana fulani. Ni mlango wa kumfikia mtu bila kupita kwenye jeraha. Lakini wimbo huohuo unaweza kuwa ndio uliokuwa ukipigwa kwenye lori. Ndiyo maana swali la pili halirukwi.

La dini nalo lina uzito wake. Baadhi ya Waislamu hawapigi ala nyingine ila dufu, na wengine hawataki ala kabisa; kikundi changu kimewahi kufanya miezi miwili kwa sauti na makofi tu, na sikuona tulichopungukiwa. Kasida, tenzi za kanisani, nyimbo za jando, zote zinaingia, mradi hakuna anayehubiriwa.

Hatua ya 5: Wiki ya 1 hadi ya 4, mapigo

Kikao kimoja kwa wiki, saa moja, siku na saa ileile bila kubadilika. Watu 6 hadi 10. Zaidi ya hapo huwezi kuona uso wa kila mtu.

Anza bila ngoma. Kila mtu aweke viganja mapajani na apige taratibu, mapigo kama 60 kwa dakika, dakika tatu nne, macho wazi. Usiwaambie wafumbe macho. Mtu aliyeishi kwa kulinda zamu hafumbi macho mbele ya wageni. Kisha ngoma moja iingie chini ya viganja, kwa upole, ukiwa umewatangazia: "Sasa ngoma inaingia upande wangu wa kulia." Kutangaza kila sauti mpya ni kanuni ya kikundi hadi mwisho wa dunia.

Halafu fuateni wanachokijua tayari. Gwaride tulilorithi kwa Waingereza lina mwendo wa haraka wa hatua 116 hadi 120 kwa dakika, na miguu ya mstaafu inaukumbuka hata akiwa amelala. Ukianzia hapo hutawafundisha kitu: wapige 120, wakishakaa sawa waambie waruke pigo moja kati ya mawili. Papo hapo mko kwenye 60, na hakuna aliyeambiwa atulie. Ukimwambia mtu mwenye kiwewe "tulia" unamkasirisha. Ukimpunguzia mwendo, mwili unafuata wenyewe. Katikati ya karne iliyopita daktari wa akili wa Detroit, Ira Altshuler, aliandika kuhusu njia hii: uanze na muziki unaolingana na hali ya mgonjwa alivyo, ndipo umsogeze kidogokidogo unakotaka. Bibi anayembembeleza mtoto anayelia hufanya hivyohivyo, anaanza na sauti ya juu kama kilio chenyewe.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la mkono. Mshiriki mmoja anasimama katikati. Akiinua mkono, wote wanaongeza, akishusha, wanapunguza, akifunga ngumi, kimya. Kila mtu apate zamu yake. Vitani sauti kubwa ilikuja bila ruhusa yake na hakuwa na namna ya kuizima. Hapa kelele ya watu kumi inakatika kwa ngumi yake. Nimeona mtu akirudia kufunga na kufungua mara saba, wenzake wakimfuata bila kucheka.

Mwaka 2008 watafiti wa Israel walichapisha taarifa ya kikundi cha kupiga ngoma cha wanajeshi 6 wenye kiwewe. Walieleza kwamba ngoma iliwapa ukaribu, njia ya kutoa hasira na hisia ya kujimudu tena. Walieleza pia kwamba mlio wa ngoma uliweza kuamsha kumbukumbu za vita. Watu 6 ni wachache, hakuna wa kujenga sheria juu yao, lakini kila kilichoandikwa pale nimekiona ukumbini kwangu, hasa hilo la mwisho.

Dakika kumi za mwisho rudini kwenye viganja mapajani, kisha chai. Chai ni sehemu ya kikao. Mara nyingi kinachosemwa kwenye chai ndicho kilichokuwa kikitafutwa saa nzima.

Hatua ya 6: Wiki ya 5 hadi ya 8, pumzi na sauti

Anayeimba mstari mrefu anatoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, na kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo. Hilo ndilo lote. Tafuta nyimbo za mwito na mwitikio ambazo mwitikio wake ni mrefu na mwepesi. Vuteni pumzi kwa hesabu ya 4, mwitikio uende kwa hesabu ya 6. Mzunguko huo ukichukua sekunde 10, mtu anapumua mara 6 kwa dakika, na dakika tano zake zinatosha kumwonyesha tofauti. Kwa mwenye kizunguzungu au pumu, mruhusu avute pumzi anapotaka.

Chenja za mchakamchaka ni hazina na ni mtego. Zina mwito na mwitikio, kila mtu anazijua, na kicheko hakikosekani. Lakini nyingine zimejaa vitisho kwa adui, nyingine matusi, na mwendo wake wa mbio hupandisha moyo. Tulichofanya sisi ni kuzichukua sauti zake, kuzipunguza mwendo hadi zikawa kama bembelezo, na kubadili maneno. Chenja ya mbio ikiimbwa taratibu na wazee wanane waliokaa kwenye viti vya plastiki inakuwa kitu kingine kabisa.

Mpeni mwitishaji zamu. Na hapa vyeo vitachokoza: aliyekuwa meja atataka kuitisha kila wiki, na waliokuwa chini yake watamwachia. Kura ya vijiti inamaliza ubishi bila kumvunjia mtu heshima.

Hatua ya 7: Orodha ya usiku

Kazi hii inaendelea nyumbani, pale saa nane za usiku ambapo wewe haupo. Msaidie kila mmoja kupanga nyimbo tano au sita kwenye simu yake. Ya kwanza ilingane na hali anayoamka nayo: nzito, ya mwendo, isiyo na furaha ya bandia. Ya pili na ya tatu zishuke mwendo. Mbili za mwisho ziwe za ala tupu au za lugha asiyoielewa, ili maneno yasimwamshe. Sauti iwe ndogo, ila isiwe kimya kabisa kwa mwenye mlio wa sikioni. Sauti hafifu humsaidia asiusikie. Simu ifunikwe kwa kitambaa, mwanga usimsumbue.

Muulize kila wimbo unamkumbusha nini. Upo muziki unaomvuta mtu baa. Kama kila akiusikia anatamani pombe, uondoke kwenye orodha hata kama ni mtamu. Mke wake ahusishwe akikubali. Yeye ndiye anayelala pembeni ya mtu anayepigana usingizini, na hakuna anayemuuliza yeye anasikilizaje usiku.

Hatua ya 8: Kutunga, na usikimbilie hapa

Waanzishaji wengi wanakimbilia kutunga kwa sababu ndiko kwenye machozi, na machozi yanapigwa picha vizuri. Nakuomba usubiri hadi wiki ya 9 angalau. Anayeandika kabla mwili wake haujajifunza kushuka anaachwa juu peke yake.

Anzeni na kitu, si tukio. Begi, kikombe cha bati, barua, sabuni ya kambini, mvua. Kila mtu aseme sentensi mbili kuhusu kitu chake. Kisha mkazitie kwenye umbo. Napenda utenzi: mishororo minne, mizani minane kila mshororo, vina vitatu vinafanana na cha nne kinatoka. Washairi wa pwani wamesimulia vita kwa umbo hili tangu zamani, kwa hiyo sikio limezoea, na kuhesabu mizani kwa vidole kunaipa akili kazi wakati moyo unapita pagumu. Huu ni ubeti ninaoutumia kuonyesha, nimeutunga kwa ajili ya darasa:

Buti langu la zamani
Limelala uvunguni
Lina tope la njiani
Sijaweza kulifuta

Hausemi njia ipi, wala tope la nini. Mzee mmoja aliusikia akaniambia, "Hilo tope nalijua." Akaishia hapo, na ilitosha.

Yapo makubaliano ya kuyasema kwa sauti kabla ya kalamu kushikwa. Wimbo ni mali ya aliyeutunga. Haurekodiwi wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa yake, na ruhusa ya leo anaweza kuiondoa kesho. Hakuna majina ya vikosi, mahali pa operesheni wala amri. Wastaafu bado wanabeba kiapo cha siri, na wengi hunyamaza kwa kuogopa kukivunja. Ukiwaambia mapema kwamba wimbo hauhitaji ramani, utaona mabega yakishuka.

Kama sauti ya kikundi haitoshi, kuna njia nyingine ya kumpa mtu kitu cha kushika: ala yake mwenyewe. Mwaka 2007, Milwaukee, Marekani, mkongwe mmoja wa Vietnam na mwalimu wake wa gitaa walianzisha Guitars for Vets. Utaratibu wao ni mwepesi: mkongwe anafundishwa masomo 10 bure, akimaliza anapewa gitaa. Mtindo huo hauhitaji Marekani. Magitaa matatu ya kuazimana, mwalimu mmoja mvumilivu, na ahadi ya somo la kumi. Vidole vikiuma na sauti ikikataa kutoka, mtu anahangaika na tatizo ambalo linatatuka, na hilo kwake ni geni.

Mtu akizidiwa kikaoni

Itatokea. Dalili: macho kuganda mahali, jasho, pumzi fupifupi, mikono kushika kiti, kutoitikia jina lake.

Usikate muziki ghafla, kwa maana kimya cha ghafla nacho kinatisha. Punguzeni hadi viganja mapajani, na wengine waendelee taratibu. Msogelee kwa mbele, si kwa mgongoni. Usimguse bila kumuuliza. Mwite kwa jina alilochagua, mwambie wewe ni nani, ni siku gani, mko wapi: "Mzee Juma, ni mimi. Leo Alhamisi. Tuko ukumbini, mlango uko wazi." Mwambie akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili. Maji baridi mkononi yanasaidia. Akitaka kutoka, mtu mmoja tu amsindikize, asimhoji. Jioni mpigie simu. Wiki inayofuata mpokee kama kawaida, bila hotuba.

Akisema, au hata akidokeza, kwamba amechoka kuishi, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikubali, asibaki peke yake hata kidogo, familia iondoe silaha, dawa na sumu za shambani, na ile karatasi ya mfukoni itumike saa hiyohiyo.

Kujua kama inasaidia

Mwanzo wa kila mwezi kila mtu ajipe alama 0 hadi 10 kwa mambo matatu: usingizi, hasira, na kukaa na watu. Andika tarehe. Muuguzi anaweza kuongeza hojaji fupi ya sonona yenye maswali 9. Ipo kwa Kiswahili, na alama 10 au zaidi kati ya 27 zinahitaji kuangaliwa na mtaalamu. Kama alama zinaonyesha hali ya mtu inazidi kuwa mbaya miezi miwili mfululizo, kikundi hakimfai kwa sasa. Aonwe hospitalini na umwambie hivyo bila kupambapamba. Mimi huangalia na kitu kingine kisicho na alama: nani amefika mapema kupanga viti.

Mtaalikwa, mjiandae

Kikundi kikijulikana, mtaombwa kutumbuiza, hasa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa ya Tanzania. Kuna gwaride, tarumbeta, pengine mizinga, waandishi wa habari na viongozi wanaotaka picha. Kataeni mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili aulizwe kila mmoja faraghani, na anayekataa asitajwe kwa wengine. Wakienda, uliza waandaaji mizinga itapigwa saa ngapi na mahali gani, na panga gari liwe karibu.

Mwaliko mzuri zaidi ni wa msibani. Mwenzao akifariki, kikundi kiende kikaimbe, taratibu, ile chenja waliyoipunguza mwendo. Hapo watu wa nyumbani husikia kwa mara ya kwanza marehemu alikuwa akifanya nini kila Alhamisi.

Baada ya miezi sita anza kuondoka. Mchague msaidizi kati yao, mwenye subira kuliko mwenye sauti, akae kwenye kiti chako wiki moja kati ya mbili, kisha kila wiki. Mwachie daftari, funguo za ukumbi, kisahani cha viziba masikio na ile karatasi yenye namba za simu. Wewe rudi siku nyingine kama mpiga kayamba.